Je, wajua Git inajuaje kihariri unachokipenda?

Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Andika `git commit`, amri ya kuhifadhi mabadiliko hayo, bila kuambatanisha ujumbe wa kuyaeleza, na kihariri cha matini kitafunguka chenyewe. Kwa mmoja ni Vim, kwa mwingine nano. Nani aliiambia Git?

Wewe, au aliyekuandalia kompyuta. Git haina kihariri chake. Huanza kutazama kigeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo mfumo huzipa programu) kiitwacho `GIT_EDITOR`. Kisipokuwepo, huhamia kwenye mpangilio wa `core.editor`, kisha `VISUAL`, kisha `EDITOR`. Ikitoka kapa kote huko, kwa kawaida huangukia `vi`, na ndivyo wageni wengi wanavyojikuta ndani ya `vi` bila kujua pa kutokea.

Amri ikishapatikana, Git huiongezea jina la faili la ujumbe, huikabidhi sheli (programu inayosoma na kuendesha amri zilizoandikwa), kisha husubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo penye utata. Vim hushikilia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hadi uifunge Vim. Kihariri cha VS Code, ambacho amri yake ni `code`, hufungua dirisha lake na kuiachia terminali papo hapo, kwa hiyo Git hudhani umemaliza, husoma faili, haikuti ujumbe, na kusitisha kazi. Dawa yake ni hii:

`git config --global core.editor "code --wait"`

Sheli ndiyo inayotambua kwamba `code` ni programu na `--wait` ni maelekezo yake. Bila sheli wala utaratibu mwingine wa kuyatenganisha maneno hayo, ingetafutwa programu yenye jina zima "code --wait".

Lakini sheli hutii chochote. Zana ikichomeka jina la faili ndani ya amri bila kulifunga kwa alama za nukuu, faili liitwalo `picha;reboot` linageuka amri mbili, kwa kuwa `;` hutenganisha amri, na ya pili inaizima na kuiwasha upya mashine. Kwa maoni yangu `find -exec`, amri ya kutafuta faili na kuendesha programu kwa kila moja, ilifanya vizuri zaidi: jina linalowekwa penye `{}` huifikia programu moja kwa moja, likiwa kipande kimoja, bila kupita kwenye sheli.

Jambo jingine ni mahali mipangilio inapokaa. Git husoma pia `.git/config` iliyo ndani ya mradi wenyewe, na humo `core.fsmonitor` inaweza kutaja programu ya kuendeshwa hata kwa `git status` tu, amri ya kuangalia hali ya mradi. Ndiyo maana `git clone`, amri ya kunakili mradi, hainakili faili hilo kutoka kwa mwenzako, na tangu toleo 2.35.2 la Aprili 2022, Git hukataa kufanya kazi ndani ya hazina (folda ya mradi unaosimamiwa na Git) inayomilikiwa na mtumiaji mwingine mpaka uiruhusu kupitia mpangilio wa `safe.directory`.