Kabla ya Kununua Mota ya Kioo, Fungua Mpira wa Bawabani

Mwezi uliopita mteja mmoja aliingiza gari lake gerejini kwangu hapa Tanga akiwa ameshika mota ya kioo iliyoviringishwa kwenye gazeti. Fundi wa kwanza alikuwa amemweleza kwamba mota ya mlango wa dereva imekufa, akanunua nyingine iliyotumika, ikafungwa, na kioo hakikutikisika. Niliitoa ile ya zamani kwenye gazeti nikaiunganisha moja kwa moja na betri: ikazunguka kwa nguvu, na nilipogeuza nyaya ikazunguka upande wa pili. Mota haikuwa na ugonjwa wowote.

Fundi yule hakubahatisha. Alipima, ila alipima nusu. Alichomoa soketi ya mota, akaweka ncha za mita kwenye matundu yake, akabonyeza swichi, akasoma volti 12.3, na kwa hesabu hiyo akaona kwamba umeme unafika, basi mota ndiyo mbovu. Shida ni kwamba mita hainywi umeme wa maana. Uzi mmoja wa shaba uliosalia ndani ya waya uliokatika unatosha kuionyesha mita volti zote 12, lakini mota ya kioo inahitaji ampea 5 hadi 10 hivi ili ipandishe kioo, na uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Mimi niliirudisha soketi mahali pake, nikaingiza ncha za mita kwa nyuma huku mota ikiwa imeunganishwa, kisha nikamwomba mteja abonyeze swichi. Volti zikaanguka hadi 2.8. Zile 9 na ushee zilizokosekana zilikuwa zinapotelea njiani.

Njia hiyo hupita ndani ya mpira mweusi wenye mikunjo unaoonekana kati ya mlango na nguzo ya mbele pale mlango unapofunguliwa. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya zilizomo humo hukunjwa, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Ongeza hewa ya chumvi ya mwambao wetu na maji ya mvua yanayoingia pale mpira ulipopasuka. Niliuchomoa mpira ule na kuurudisha nyuma. Kwa macho nyaya zote zilikuwa nzima, lakini nilipozivuta taratibu mmoja mmoja, ule mnene wa kioo ulinyumbuka kama lastiki, kwa sababu kilichobaki kushikana kilikuwa karibu plastiki ya nje tu. Nilipoipasua, shaba ya ndani karibu yote ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Ukarabati wake una siri moja. Kiungo kilicholehemiwa huwa kigumu, na kikiachwa mahali panapokunjwa kitakatika tena pembeni ya risasi. Kwa hiyo ninakata waya hadi nifikie shaba inayong'aa, ninaweka kipande kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, na viungo vyote viwili ninavipeleka nje ya eneo la mkunjo, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi.

Asiye na mita asikate tamaa. Balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili hunywa karibu ampea 2, na kwa kazi hii ninaiamini kuliko mita iliyowekwa kwenye soketi tupu: ikichomekwa kwenye soketi ya mota na kuwaka kwa mwanga hafifu, umeme unakwamishwa mahali. Isipokuwa tu kwamba soketi za njano ni za mifuko ya hewa, na hizo haziguswi kwa balbu wala kwa mita.

Iwapo waya wa bawabani ni mzima, ninahamia kwenye swichi kuu ya mlango wa dereva, hata kama kioo kilichogoma ni cha abiria. Wengi hushangaa nikiwaambia hivyo. Katika magari mengi ya Kijapani yanayoletwa kwetu, hasa yale yasiyo na kompyuta ndani ya mlango, mota ya abiria hupata hasi yake kwa kupitia mapleti, yaani vipande vya chuma vinavyogusana, ya swichi ya dereva. Mapleti hayo yakichafuka au kuungua, abiria atabonyeza swichi yake mpaka achoke. Na kabla ya kufungua chochote, hakikisha kile kitufe cha kuwazuia abiria hakijabonyezwa. Nimewahi kulipwa kwa kukibonyeza tu, na niliona haya kidogo kupokea hela.

Swichi hiyo isipuliziwe mafuta ya kupuliza ya dukani. Mwaka 2012 Toyota iliyaita magari takriban milioni 7.43 duniani yarudishwe kutengenezwa kwa sababu grisi ya ndani ya swichi ya dereva haikupakwa sawasawa, na ikaonya kwamba vilainishi vya kawaida vinaweza kuifanya swichi iyeyuke na kutoa moshi. Mwaka 2015 yakaitwa mengine kama milioni 6.5 kwa tatizo lililohusu swichi hiyohiyo. Vilevile fyuzi ya ampea 20 ikiungua haiwekewi ya 30, kwa kuwa kitakachoungua baadaye ni waya.

Kioo kinachopanda kwa kusuasua ni habari nyingine: mara nyingi raba za pembeni zimekauka na kujaa vumbi. Zioshe, kisha zipulizie silikoni. Grisi ya kawaida huivimbisha raba.

Loki za milango zina mota ndogo inayofanya kazi kwa chini ya sekunde moja, na ndiyo maana mita ya namba huchelewa kuuona umeme wake ilhali balbu humeta papo hapo. Hapa sikio husaidia sana. Milango yote ikiwa kimya, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), na kama ni rimoti pekee inayogoma, badilisha kwanza betri yake ndogo. Ukisikia mlio dhaifu kwenye mlango mmoja, gonga kitasa kwa ngumi wakati mwenzako anabonyeza. Kikishtuka na kufunga, brashi za mota (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimelika au grisi imeganda. Milango ikijifunga na papo hapo kujifungua yenyewe, ushuku mlango wa dereva, kwa maana kiswichi kilichomo ndani ya kitasa chake kinaidanganya kompyuta kuhusu hali ya loki.

Mteja wangu alirudi kesho yake akilalamika kwamba kioo kinapanda, lakini hakijipandishi tena hadi juu kwa mbonyezo mmoja kama zamani. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimetoa betri wakati wa kazi, na kompyuta ya kioo ikasahau kikomo chake. Nilikishusha kioo hadi chini, nikakipandisha hadi juu, nikaendelea kuishikilia swichi kwa sekunde chache. Hatua hizo hutofautiana kidogo kati ya modeli na modeli, lakini kwa gari lake zilitosha.