Ng'ombe wa Kilimohai Naye Huumwa

Asubuhi moja huko Wete, mfugaji alinipokea kwenye banda lake la makuti, na salamu hazijamalizika akaniwahi: "Daktari, huyu wangu ni wa kilimohai, hafugwi kwa kemikali za viwandani. Sindano hapigwi." Ng'ombe kasimama kichwa chini, hacheui. Nikampapasa chini ya sikio, tezi imevimba kama limau. Kipimajoto kikasoma nyuzi 41. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe.

Viwango vya kilimohai, vikiwemo vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, havimtaki mfugaji amwache mnyama ateseke ili alinde nembo ya kilimohai. Vinachokataa ni dawa kufanywa mazoea, ile tabia ya kuchoma antibaiotiki "za kinga" kwa mnyama asiyeumwa. Akiumwa na njia nyengine hazitoshi, hutibiwa, kisha maziwa yake huzuiwa kwa muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi maradufu. Yule wa Wete alichomwa siku ile ile na akapona. Dawa ya ndigana hufaa ikiwahi. Ukingoja mpaka povu limtoke puani, mapafu yamekwisha kujaa maji.

Lakini kazi ya mfugaji wa kilimohai iko kabla ya sindano, na hapa Visiwani huanzia kwenye kupe. Kupe wa masikio, yule wa kahawia, hamwambukizi ng'ombe pale pale anapomng'ata. Vimelea vilivyomo kwenye mate yake kwa kawaida huhitaji siku tatu hadi nne za kunyonya ndipo vikomae. Hizo siku ni zako. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, taratibu, maana kupe wachanga ni wadogo kama ufuta na jicho huwapita. Umng'oe, umtumbukize kwenye kopo la mafuta ya taa. Ukimtupa chini umempanda, kwani jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, kama dawa ya kupe, ninayasikia kila nendapo. Sina ugomvi nayo, ila yasikupumzishe vidole.

Angalia pia unapokata majani. Chini ya minazi wanapofungwa ng'ombe wa kienyeji, kupe hawakosekani. Wa kienyeji aliyekulia nao hubeba vimelea asionyeshe kitu. Chotara wako wa maziwa ndiye anayeumwa.

Ipo chanjo ya ndigana kali, huchomwa mara moja na kinga yake hudumu miaka mingi. Huambatana na antibaiotiki ya muda mrefu, kwa hiyo zungumza kwanza na wanaokukagua kwa ajili ya nembo ya kilimohai. Ushauri wangu ni kumchanja angali mtamba, kabla hajawa na maziwa ya kumwaga.

(Wazee wa Unguja watakumbuka nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa, kisha kuanzia 1994 ndege zikawa zinamwaga madume tasa, majike yakapandwa yasizae, na kufikia 1997 kisiwa kikawa hakina mbung'o. Kupe hana dawa ya namna hiyo.)

Ugonjwa wa kiwele ndio unaokula faida kimyakimya. Kabla ya kukama, toa michirizi miwili mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona vibonge kama mtindi uliokatika, au majimaji, au damu, huyo akamwe mwisho na maziwa yake yasichanganywe. Kitambaa kimoja kisifute viwele viwili. Na umpe majani baada ya kukamwa, si kabla: tundu la chuchu hubaki wazi kama nusu saa hivi, na ng'ombe anayekula hasimami bure, halali kwenye samadi. Kwa kiwele kinachoanza, kukama mara nyingi kwa siku na kukikanda kwa maji ya vuguvugu husaidia. Akipata homa, au kiwele kikiwa kigumu na cha moto, muite daktari siku hiyo hiyo.

Ukishamtibu, andika kwenye daftari tarehe, dawa na jina la ng'ombe. Maziwa yenye antibaiotiki hayagandi vizuri, na Bi anayechukua maziwa yako kuuza mtindi sokoni atalijua hilo mapema kuliko maabara. Akikurudishia ndoo, usimgombeze. Kafungue daftari uone nani alichomwa.