Kuona viwili viwili: mazoezi yanapogeuza matatu moja kuwa mbili

Unapanda Riat kwa mbio alfajiri, Kisumu umeiacha bondeni. Pumzi ikianza kukatika, matatu inayoteremka inakuwa mbili, moja imeegemea nyingine. Unasimama, unashika magoti, na baada ya dakika chache ni moja tena. Huko ndiko kuona viwili viwili. Si ukungu. Mwenye ukungu huona kitu kimoja kilichofifia. Wewe unaona viwili, na pengine namba ya gari inasomeka kwenye vyote.

Picha zikiwa bado mbili, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha lingine. Kama picha ya pili inatoweka kila unapoziba lolote kati yake, tatizo ni kwamba macho hayaelekei mahali pamoja. Ikibaki huku umeziba jicho moja, kasoro iko ndani ya jicho lililo wazi: ukavu, mtoto wa jicho, au uso wa jicho usio na mviringo sawa.

Hali ile ya kwanza, ya macho kutoelekea mahali pamoja, ndiyo inayofuatana zaidi na uchovu. Kila jicho huzungushwa na misuli 6, na ubongo hushinda ukiyalinganisha macho mawili. Wapo wenye makengeza yaliyojificha: ubongo unayazuia bila wao kujua, mpaka wachoke. (Pombe nayo hulegeza kizuizi hicho hicho, kwa hiyo mkimbiaji asishangae akiulizwa jana alikuwa wapi.) Sababu nyingine, nzito zaidi, ni maiasthenia, ambapo kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Msuli ukitumika unaishiwa nguvu, ukipumzika unarudi. Mwenye nayo mara nyingi huona kope zikilegea kadiri jioni inavyokaribia.

Sasa, kwa nini wengi huambiwa "hatuoni kitu"? Kwa sababu umefika kliniki, ukapanga foleni kwa muda wa saa mbili, umepumzika kabisa! Macho yamesharudi kwenye mstari. Basi beba ushahidi. Mwenzako akurekodi kwa simu uso na macho yako wakati tatizo linatokea. Andika ni dakika ya ngapi, na kama picha zinakaa ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine, maana hilo humwelekeza daktari kwenye msuli husika. Ukienda hospitali ya macho, Sabatia kule Vihiga kwa mfano, omba upande ngazi mara kadhaa kabla ya kupimwa.

Kwa sasa kimbia uwanjani, si ukingoni mwa barabara penye boda, na baiskeli iache nyumbani. Ukiziba jicho moja ili ufike nyumbani, tembea polepole, kwa kuwa jicho moja hukosea kina cha mtaro. Makengeza yaliyojificha mara nyingi husaidiwa na miwani yenye prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwanga.

Picha zikigoma kuungana hata baada ya kupumzika, au zije pamoja na kichwa kuuma ghafla, kope kushuka, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, usisubiri siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, na uendeshwe na mtu mwingine.