Kumbukumbu sio video
Huku Tanga wengi tunaamini kichwa kinarekodi kila kitu kama kamera, ukikumbuka ni kama unarudisha video nyuma tu. Ila wanaochunguza ubongo wanaeleza tofauti, kila ukikumbuka ubongo unaliunga tukio upya kutoka vipande vipande, na ulichokuja kusikia baadaye kinaweza kuingia humo humo bila wewe kujua, ndo maana mtu anakosea na wala hadanganyi (watu wanagombana bure kwa hili, inauma). Jaribu na dada yako, kila mtu aandike peke yake siku ile mliyoenda kuogelea Raskazone, nani alikuwepo, mama alivaa kanga gani, halafu ndo mtoe picha. Mimi niliapa nyekundu, kwenye picha ni ya bluu.