Dawa ya tezi dume inaingiaje kwenye upasuaji wa jicho?

Baba ana miaka 70 na anatumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume. Amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na muuguzi kamuuliza kama anatumia dawa za mkojo. Zinahusiana nini?

Zinahusiana, na muuguzi huyo anaijua kazi yake. Tamsulosini hulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu ili mkojo upite kwa urahisi. Hufanya hivyo kwa kuziba vipokezi viitwavyo alfa-1A, yaani sehemu za seli zinazopokea amri ya kukaza misuli. Sasa, vipokezi hivyohivyo vimo pia kwenye msuli unaopanua mboni ya jicho, na kidonge kikishameng'enywa hakichagui pa kwenda.

Daktari wa macho anakutana na nini?

Kwanza, mboni haifunguki vizuri hata baada ya matone ya kuipanua, nayo ndiyo mlango wa kuifikia lensi yenye ukungu. Kisha maji yanayopitishwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji yanaanza kuipeperusha airisi, ile duara yenye rangi, mithili ya pazia lililolegea. Inajikunja, inataka kuchomoza kupitia mkato mdogo wa daktari, huku mboni ikizidi kusinyaa kazi ikiwa katikati. Asiyejiandaa anaweza kuichana airisi au kutoboa utando unaoibeba lensi.

Hili liligunduliwaje?

Kwa kuchelewa, na sishangai. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa majaribio yaliyopima mambo ya mkojo. Nani angefikiria kuchungulia jicho? Mwaka 2005 madaktari wa macho David Chang na John Campbell walichapisha walichokiona: walipitia majalada ya wagonjwa 511, kisha wakafuatilia upasuaji wa wengine 741. Airisi ililegea kwa takriban 2% tu, lakini karibu wote hao walikuwa wanatumia tamsulosini au waliwahi kuitumia.

Mwaka 2009 ukaja utafiti wa Ontario, Kanada, uliohusisha wanaume zaidi ya 96,000 wenye miaka 66 na kuendelea. Waliotumia tamsulosini ndani ya siku 14 kabla ya upasuaji walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata matatizo makubwa ya jicho baadaye. Hata hivyo, wengi wa watumiaji walipona salama.

Basi aiache wiki mbili kabla?

Asiiache kwa uamuzi wake. Wapo walioiacha zaidi ya mwaka mzima na bado airisi ikalegea, kwa hiyo faida haina uhakika, ilhali mkojo unaweza kuziba kabisa. Kinachosaidia ni daktari kujua mapema. Atadunga ndani ya jicho dawa ya kupanua mboni, au ataishikilia kwa vikulabu vidogo au kipete maalumu. Baba ataje hata vidonge alivyoacha zamani. Hicho ndicho wagonjwa husahau.

Wanawake hawahusiki?

Wanahusika. Dawa hii hutolewa pia kusaidia mawe ya figo kushuka, kwa jinsia zote. Na ambaye hajaanza kuitumia lakini tayari ana mtoto wa jicho, amwambie daktari wa mkojo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Wakati mwingine jicho hufanyiwa upasuaji kwanza.