Maji ya barafu baada ya mazoezi: maswali ya wanamichezo wa Tanga

Picha za wachezaji wa Ulaya waliokaa ndani ya maji ya barafu zimefika kwenye simu za kila mtu, na vijana wa mpira wa mchangani, wa jogingi na wa jimu hapa Tanga wameanza kuiga. Barafu inanunuliwa, pipa linatafutwa, watu wanazama. Haya ni baadhi ya maswali yanayoulizwa sana. Penye hatari nimejibu kwa kirefu.

Shikamoo. Hivi baridi inasaidia kweli, au ni fasheni tu?

Marahaba. Inasaidia, ila kwa jambo moja: yale maumivu ya misuli yanayokuja siku ya pili na ya tatu baada ya mazoezi mazito. Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza kasi ya neva zinazopeleka maumivu. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyojumlisha majaribio madogo 17 yenye washiriki 366, yaliona kuwa waliokaa kwenye maji baridi waliumwa kidogo kuliko waliopumzika tu. Hiyo ni nafuu, wala si tiba. Usingizi, chakula cha kushiba na maji ya kunywa ndivyo vinavyomrudisha mchezaji uwanjani, na barafu haiwezi kumfidia mtu aliyekesha.

Mimi nanyanyua vyuma, nataka mwili ujae. Nizame kila siku?

Usizame, mdogo wangu. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanaume waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12. Waliokaa kwenye maji ya nyuzijoto 10 kwa dakika 10 kila baada ya zoezi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko waliomalizia kwa kuendesha baiskeli taratibu. Baridi inaonekana kuzima zile ishara zinazouambia msuli ukue. Iweke kwa wakati wa mashindano, pale unapocheza leo na keshokutwa una mechi nyingine.

Kuna vyumba vya baridi kali nimeviona mtandaoni. Ndivyo bora zaidi?

Vyumba hivyo vilianzia Japani mwaka 1978, daktari Toshima Yamauchi alipovitumia kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Hewa ya ndani hushushwa hadi nyuzijoto 110 chini ya sifuri na zaidi, mtu akasimama humo dakika 2 au 3. Cochrane ilipovipitia mwaka 2015 kwa upande wa maumivu ya misuli ilipata majaribio 4 tu yenye watu 64, na ushahidi haukutosha kusema vinafaa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuwa haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo kwa matibabu. Baadhi ya mashine hupoza kwa nitrojeni, na gesi hiyo ikijaa mahali palipofungwa huiondoa oksijeni, mtu akazimia bila kujua kinachomtokea. Sioni sababu ya kijana wa Tanga kuhangaika kuvitafuta.

Kuogelea Raskazone baada ya mechi kunatosha?

Kwa kulegeza miguu ni kuzuri, na mimi napendekeza. Lakini bahari yetu ina joto la kama nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima. Huko si kujipoza kwa barafu.

Basi nieleze: pipa, maji kiasi gani, barafu kiasi gani?

Lengo ni maji ya nyuzijoto 10 hadi 15, kwa dakika 10, na yasizidi dakika 15. Anayeanza akae dakika 3 hadi 5 tu, kwenye nyuzi 15 au hata 18.

Maji ya bomba hapa kwetu ukiyakadiria kuwa nyuzi 28, lita 100 zinahitaji kama kilo 14 za barafu ili zishuke hadi 15. Ukitaka kuchovya miguu tu kwenye beseni kubwa la lita 40, kilo 5 au 6 zinatosha, na kwa mchezaji wa mpira miguu ndiyo yenye kazi. Mimi ningeanzia hapo. Koroga maji kabla ya kuingia, kisha upime kwa kipimajoto. Barafu huelea, hivyo juu huganda mkono na chini bado kuna uvuguvugu.

Pipa la lita 200 silipendi. Kuingia ni rahisi, ila kutoka, miguu ikiwa imekufa ganzi na ukingo uko kifuani, ni kazi nyingine kabisa. Tumia chombo kifupi ambacho mtu anakaa na kuinuka mwenyewe.

Ingia polepole, miguu kwanza. Dakika ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote: pumzi inakatika, unahema ovyo, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, utavuta maji badala ya hewa. Kwa hiyo usiruke, usizamishe uso, na usiwe peke yako hata siku moja. Awepo mwenzako aliyesimama pembeni, asiyeshika simu. Na kama umekunywa pombe, acha.

Barafu ya kuhifadhia samaki, kama ile inayotumika soko la Deep Sea, haikutengenezwa kwa ngozi yenye michubuko. Mwenye kidonda asubiri kipone, na maji ya mtu mmoja yasirithiwe na timu nzima. Wapo wanaotia chumvi ili baridi iongezeke. Chumvi na barafu vikichanganyika hushuka chini ya sifuri na kuunguza ngozi kama moto. Msifanye hivyo kabisa.

Ukitoka, jifute, vaa nguo kavu, tembeatembea, kunywa chai. Mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, kwa hiyo kutetemeka kidogo kusikutishe. Ulimi ukiwa mzito, ukapepesuka, kifua kikabana au vidole vikabaki vyeupe, hiyo ni ya hospitali.

Mwanangu ana selimundu, anacheza mpira shuleni. Naye anataka kuingia na wenzake.

Mama, asiingie, hata miguu tu. Baridi hubana mishipa midogo, na seli zenye umbo la mundu hukwama humo. Ndiko yanakoanzia yale maumivu makali ya mifupa unayoyajua. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo kila kocha aulize kabla ya kujaza beseni. Kijana ataona aibu kujitaja mbele ya wenzake, aulizwe faraghani.

Wengine wa kukaa mbali ni wenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa, wajawazito, wenye kisukari ambao miguu imepoteza hisia, na wale ambao baridi huwatoa mabaka ya kuwasha au kuvigeuza vidole vyao vyeupe.

Mwenzetu alianguka mazoezini saa nane mchana, mwezi wa pili, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimpakia bajaji mara moja. Tulikosea?

Hospitali ilikuwa lazima, lakini kwanza angepozwa palepale. Kuanguka kwenye jua kali huku mtu akichanganyikiwa na mwili ukichemka ni dalili ya joto kupanda hadi nyuzi 40 na zaidi, na kila dakika ubongo na figo vinaumia. Hapa maji ya barafu yanaokoa maisha. Mpelekeni kivulini, mvueni jezi na viatu, mlazeni kwenye maji baridi hadi shingoni, mmoja akimshika kwapani ili kichwa kibaki juu. Hakuna beseni? Mmwagieni ndoo baada ya ndoo huku mkimpepea, na mtie taulo zenye barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Wakati hayo yanaendelea, mwingine atafute usafiri. Akianza kutetemeka au akili zikimrudia, mtoeni na mumkimbize hospitali ya Bombo, hata akisema amepona.