Saitesheni za mwanahisabati zinasomwaje

Siku hizi ukikaa kwenye kamati ya kupandisha watu vyeo, kinachotangulia mezani ni profaili ya Google Scholar, saitesheni ngapi (yaani kazi zake zimenukuliwa mara ngapi), indeksi ya h ngapi, na watu wanaanza kubishana hapo hapo kabla hata pepa moja haijafunguliwa. Kwenye hisabati hili linaumiza watu wazuri kabisa, ngoja nieleze kwanini.

Indeksi ya h ililetwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga pepa za mtu kuanzia iliyonukuliwa sana kushuka chini, ukikuta pepa 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja, na ya 11 haijafikisha 11, basi h yake ni 10. Ni rahisi kuhesabu, ndo maana imependwa. Ila h haiwezi kuzidi idadi ya pepa ulizonazo, kwa hiyo mwenye pepa moja iliyonukuliwa mara elfu ana h ya 1, basi.

Sasa mchukue Yitang Zhang. Mpaka 2013 alikuwa na pepa za kuhesabika kwa vidole, anafundisha University of New Hampshire, umri umeshapita miaka 50, hajulikani. Alafu akathibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haifiki milioni 70, na jarida la Annals of Mathematics wakaikubali pepa ndani ya wiki chache tu, kitu ambacho pale ni nadra mno. Kufikia 2014 James Maynard kwa njia yake mwenyewe, pamoja na kundi la Polymath, walishaishusha hiyo milioni 70 mpaka 246. Ungepima h ya Zhang mwezi mmoja kabla, ungeona nini? Hamna kitu.

Kingine ni mwendo. Impakti fakta ya kawaida, yaani kipimo cha jarida kwa wastani wa nukuu za pepa zake, inaangalia pepa zilizotoka miaka 2 iliyopita, wakati kwetu mtu anasoma pepa yako miezi mpaka aielewe, anahangaika na uthibitisho wake, anatuma kwenye jarida, refarii (anayeikagua pepa) anakaa nayo mwaka au zaidi, kwa hiyo nukuu inapotoka dirisha lile limeshafungwa zamani. Na kuna kazi zinazozama kabisa kwenye lugha ya fani, anayetumia intigrali ya Riemann hamnukuu Riemann, analitaja jina na kuendelea. Kaunta ya nukuu hailioni hilo.

Mimi ninachofanya ni kufungua zile pepa zilizomnukuu mtu na kutafuta jina lake limekaa wapi. Kama liko kwenye utangulizi, kwenye ule msururu wa "tazama pia [4], [9], [17]", hiyo ni salamu tu, haina ubaya lakini haibebi mzigo. Ila ukishuka kwenye uthibitisho ukakuta "kwa Thiorema 3.2 ya [9] mfuatano huu una kikomo", na ukiufuta huo mstari uthibitisho wote unaanguka, hapo umeona athari ya kweli. Nukuu za aina hii zikiwa tano, kutoka kwa watu wa matawi tofauti wasiofahamiana naye, mi nazipa uzito kuliko salamu mia mbili. Inachukua jioni nzima kwa mgombea mmoja, najua, lakini ajira ya mtu inastahili hiyo jioni.

Na hizo salamu zinaweza kupangwa. Fani yetu ni ndogo, nukuu ni chache, kwa hiyo kikundi cha watu wanaonukuana wenyewe kwa wenyewe kinapanda juu haraka sana, ndo maana mwaka 2023 Clarivate, kampuni inayohesabu nukuu, waliiondoa hisabati kwenye orodha yao ya watafiti wanaonukuliwa zaidi duniani.

Kwa hiyo kama unaandaa faili lako, usitupatie jumla ya nukuu peke yake. Chagua pepa mbili au tatu, chini ya kila moja andika nani ametumia thiorema ipi, kwenye ukurasa gani, na amepata nini ambacho bila wewe asingekipata. Na majina ya waandishi kwetu yanapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo liseme na hilo wazi, maana mjumbe aliyetoka kemia akiona jina lako limewekwa mwisho atadhani ulichangia kitu tofauti kabisa na ulichofanya.